Nyumba Kumi na Moja za Pellbourne

Jumamosi, 18 Septemba 2010

Nimetoka Spånga kwa Domina. Kesho uchaguzi, kila nguzo ya barabarani ina sura ya mtu anayetabasamu. Domina yeye kesho anasimamia kituo cha kura! Mhaya wa Bukoba, alikuja huku Uswidi kusoma nikiwa bado kambini Tanzania, sasa anafanya kazi maktaba. Ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia jambo na lisinitangulie kufika kanisani.

Nilimwambia nataka kupajua mahali anapokaa binti yangu, Darlène. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza jina tu.

Pellbourne.

Sina kingine zaidi ya jina hilo. Darlène alilitaja mara moja kwenye simu, mwaka juzi, kabla baba yake, Sixte, hajaichukua simu mkononi mwangu na kuikata. Darlène alipiga tena siku ya pili yake, baba yake hayupo. Alisema: Mama, sitapiga tena mpaka tuitwe nyumbani sisi wawili, mimi na mume wangu. Nikadhani ni hasira za wiki moja. Ile namba yake haipatikani tena.

Domina akaandika jina kwenye kompyuta. Si mji. Hata kijiji si kijiji — kitongoji! Nyumba kumi na moja, kusini kabisa mwa Uingereza. Lakini wana historia yao. Kuna mama mzee wa hukohuko, anaitwa Audrey, ameandika kila kitu: ardhi, maji, waliokufa, waliohama. Kurasa na kurasa. Domina akanichapia zote.

Nimezificha chini ya unga wa muhogo. Sixte hafungui kabati hilo.

Jumanne, 5 Oktoba

Kiingereza changu ni cha shule ya kambi, lakini kinasogea. Sentensi moja, kisha kamusi, kisha nyingine.

Ni bonde. Udongo wa chokaa, mweupe. Mvua ikinyesha inazama yote. Kuna kijito ambacho kiangazi hakipo — hakipo kabisa, watoto wanacheza mpira mahali pake. Majira ya baridi, ardhi ikishiba, kinatokea chenyewe. Watu wanalala, asubuhi wanakuta maji yanapita kando ya barabara. Miaka mingine yanaingia jikoni. Audrey anasema wenyeji hawayachukii. Wanasema: amekuja. Kama mgeni.

Barabara ni moja, inaishia kwenye geti la shamba. Duka hakuna. Basi Jumanne tu. Leo ni Jumanne! Labda leo amepanda. Labda ameketi dirishani na mfuko wa vitunguu.

Kanisa liko peke yake kwenye malisho, mbali na nyumba. Nilijiuliza kwa nini — Audrey anaeleza. Zamani nyumba zililizunguka. Ikaja tauni, wakafa karibu wote, waliobaki wakapanda juu kidogo wakaanza upya. Pale chini pamebaki matuta. Jua likiwa linazama unaona kila nyumba ilipokuwa, nyasi zimevimba juu yake.

Nikaiweka karatasi mezani.

Nilikuwa na miaka minane tulipokimbia mauaji kwetu, kusini mwa Burundi, mwaka wa sabini na mbili. Nakumbuka mikeka ya kuanikia kahawa. Nakumbuka chemchemi, na njia ya kushuka kwake iliyoteleza. Baada ya hapo ni miguu ya watu mbele yangu. Kwetu pia pamebaki matuta. Nani ameyaandika? Watu wa nyumba kumi na moja wana kitabu, na kilima kizima chetu hakina hata mstari.

Alhamisi, 21 Oktoba

Vifungo! Wanawake wa Pellbourne walikuwa wanatengeneza vifungo vya mashati. Pete ya waya, uzi unazungushwa mpaka unajaza katikati. Bibi, binti, mjukuu, wote mlangoni wanafuata mwanga. Ndiyo iliyowanunulia chumvi. Kisha mtu akaunda mashine. Ndani ya miaka michache wakawa wanakula maganda ya viazi. Padri wao akawatafutia nafasi melini, wakaenda Kanada. Zamani hizo nyumba zilikuwa ishirini na kitu.

Audrey ameandika kwamba asubuhi ya kuondoka walifagia nyumba zao. Nyumba wanazoziacha. Mama yangu naye alifagia.

Nikashindwa kunyamaza. Wakati wa kula nikamwambia Sixte kwamba Waingereza nao wamewahi kufungasha. Akauliza nimeyasikia wapi. Nikasema redioni. Akasema ni vizuri, wajue ladha yake. Akaendelea kula.

Ametoka kazini amechoka, basi lake limeharibikia njiani tena. Si mtu mbaya. Naandika hapa kwa sababu ni kweli: si mtu mbaya. Alifundisha hesabu kambini, sasa anaendesha watu wasiomsalimia, na sijamsikia akilalamika. Ila lile moja.

Yule kijana wa Darlène, Colin, alikuja kwetu Hagsätra mara moja tu. Mwembamba, mikono kama magome, ameshika kopo la biskuti kwa mikono miwili. Alikuwa Stockholm miezi michache kuezeka upya paa la nyumba ya makumbusho. Sixte akamuuliza kazi yake ni nini hasa. Darlène akatafsiri: anaezeka nyumba kwa nyasi. Nilimwona Sixte akigeuka rangi. Alisubiri mgeni aondoke. Ndipo akasema:

"Baba yangu aliezeka nyasi. Mimi nikasoma ili nitoke chini ya nyasi. Wewe umesomeshwa Ulaya nzima ili urudi chini ya nyasi?"

Darlène akamjibu kwa Kiswidi. Kwa haraka, sikukamata yote. Tangu siku hiyo walizungumza lugha mbili mpaka Darlène alipoondoka. Ndoa wakaifunga huko. Hakuna mzee aliyekuja kwetu na pombe, hakuna aliyeomba. Kwa Sixte hiyo si ndoa, binti amechukuliwa.

Huko kwao nyumba ya nyasi ni ya watu wenye uwezo. Audrey ameeleza. Hilo nalo siwezi kumwambia.

Jumapili, 7 Novemba

Kanisani Jakobsberg. Kwaya imeimba vizuri, Egide kaanza kuimba kabla ya wenzake kama kawaida. Baadaye kwenye kahawa Adrienne alikuwa anamzungusha mjukuu wake kwa kila mtu, ambebe, amnuse. Akanipa mimi. Akauliza: Na wewe Mama Darlène, bado? Nikasema Mungu akipenda.

Mtoto alinishika kidole. Nikamrudisha upesi.

Wote bado wananiita Mama Darlène. Isipokuwa nyumbani. Sixte siku hizi ananiita Emérithe.

Jumatano, 24 Novemba

Nitaandika polepole.

Theluji imekuja mapema mwaka huu, treni zimechelewa, nimefika Spånga maktaba karibu inafungwa. Domina akasema kuna kitu kipya. Kumbe gari lenye kamera limepita barabara za Uingereza mpaka za vijijini, na sasa mtu unaweza kukaa kwenye kiti ukatembea. Unabofya, unasogea hatua kadhaa. Unabofya tena.

Tukaingia Pellbourne kutoka barabara kuu. Kiangazi! Majani mpaka juu, njia nyembamba kama mfereji. Nikaanza kutaja vitu kabla havijatokea. Nikasema sasa kushoto kinu cha zamani — kikatokea. Nikasema shule iliyofungwa — hiyo hapo, imewekwa mapazia. Domina akacheka, akasema nimezaliwa huko nini. Kijito hakikuwepo, nyasi tu, kama ilivyoandikwa.

Nyumba ya mwisho kabla ya geti la shamba ina paa la nyasi jipya, la rangi ya asali. Mbele kuna ngazi imeegemezwa. Na kuna kamba ya nguo, na mwanamke anaanika shuka.

Sura wamezitia ukungu, za watu wote. Sheria. Sikuhitaji sura. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili anasugulia kigimbi cha ule wa kwanza. Tangu ana miaka mitatu anasimama hivyo akifikiri! Nilikuwa namkemea, namwambia amesimama kama korongo, ataota mizizi.

Nikasema: "Domina, ni yeye."

Domina akasogeza picha ikawa kubwa.

Mkono wa kushoto ameuweka kiunoni kwa nyuma. Na tumbo. Tumbo la miezi saba, si chini.

Nikauliza picha ni ya lini. Domina akasoma chini, akatafuta, akasema polepole kwamba gari hilo lilipita huko kiangazi cha mwaka jana.

Mwaka jana.

Alhamisi, 25 Novemba

Kazini, jikoni kwa shule, supu ya njegere, kama kila Alhamisi. Nimeiunguza. Mkuu wa jiko kaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo.

Basi ameshazaliwa. Ana mwaka na zaidi. Anatembea. Ameshaota meno na mimi sijui. Nani alimkanda mwanangu baada ya kujifungua? Nani alimpikia uji?

Au hakuzaliwa. Hilo nalo lipo. Siwezi kuliandika zaidi.

Ijumaa, 3 Desemba

Nimepiga simu.

Si kwa Darlène. Kwa Audrey. Mwisho wa zile kurasa ameandika namba yake, kwa mwenye swali lolote juu ya historia ya kitongoji. Nikamwambia Domina: mimi ninalo swali. Tukapiga kutoka kwake, amekaa karibu yangu na kalamu, neno likinipotea aniandikie.

Sauti ya mzee, kavu, ya furaha. Nikasema napiga kutoka Uswidi, nimesoma kazi yake yote. Akaniomba nirudie, nikadhani hajanielewa. Kumbe amefurahi. Akasema kwa miaka yote hiyo aliyepiga ni mtu mmoja tu, wa Kanada, na alitaka kubishana juu ya babu yake.

Nikauliza juu ya kijito. Kimefika? Akasema bado, labda Januari, lakini visima vimepanda, ardhi inasikika. Akanieleza kwa muda mrefu. Mimi namsikiliza nikitazama kalamu ya Domina. Kisha akasema mwenyewe, bila kuulizwa:

"Tuna Mswidi wenu mmoja huku. Nyumba ya mwisho, mke wa mwezekaji. Binti mzuri sana."

Mswidi! Miaka yote hapa Hagsätra aliitwa Mburundi, mpaka darasani. Ameenda kuwa Mswidi kwenye nyumba kumi na moja.

Nikauliza kama wana watoto. Domina akanishika goti.

"Msichana," akasema Audrey. "Alikimbia kabla ya kutembea. Ana jina zito kidogo kwetu, tunamwita Spessy. Kwa kirefu ni Spéciose."

Nimelisikia jina hilo sebuleni kwa Domina, nje theluji inaanguka, na nimelazimika kuiweka simu kifuani. Domina akaichukua akasema kitu, sijui nini. Akanirudishia. Audrey alikuwa anauliza kama ninamfahamu yule binti. Nikasema ninamfahamu. Akauliza amwambie nani amepiga.

Nilikuwa na neno. Mama yake. Nikasema: "Mwambie mtu wa Hagsätra. Mwambie anamsalimu."

Spéciose ni jina la mama yake Sixte.

Jumatatu, 13 Desemba

Lucia, sikukuu yao ya mishumaa. Shuleni watoto wamepita na mishumaa, kanzu nyeupe, wanaimba wamefumba macho nusu kwa usingizi. Nimesimama na wenzangu mlangoni mwa jiko. Wadogo kabisa walikuwa na mataji ya taa za betri.

Simu kimya. Labda Audrey amesahau. Labda hakusahau.

Jumapili, 19 Desemba

Nimemwambia.

Tulikuwa tumerudi kutoka kanisani, anapiga viatu rangi kwa ajili ya kesho, gazeti limetandikwa sakafuni. Sikuandaa maneno. Nikasema: "Sixte, una mjukuu."

Brashi ikasimama. Akaniuliza nani kaniambia. Nikamweleza yote, makaratasi, kabati la unga, picha, simu. Hakunikatiza. Hakukasirika pia, nami nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake. Akarudi kwenye kiatu. Akasema wanajua njia ya kuja, wakitaka.

Nikasema: "Anaitwa Spéciose."

Mama yake Sixte aliwaambia watangulie. Hayo ndiyo ninayoyajua, na niliyapata kwa shemeji, si kwake. Usiku wa kukimbia baba yao alikuwa mgonjwa hawezi kusimama, mama akasema tangulieni, nitakuja. Sixte alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Mama hakuja. Kambini Sixte alikuwa anakwenda njiapanda kila lori likifika, kumtafuta.

Alikaa sakafuni na kiatu mkononi mpaka dirisha likawa jeusi, ingawa huku Desemba giza huja mapema. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Wanalitamkaje?"

Nikasema wanamwita Spessy.

"Hapana," akasema. "Hapana." Akalitamka lote, taratibu, kama lilivyotamkwa kilimani kwao. Tangu tuoane sijawahi kumsikia akilitaja.

Jumanne, 28 Desemba

Sixte alikuwa na siku ya mapumziko. Akavaa koti, akasema twende tukaone hicho kitongoji. Hivyo tu!

Domina akatuwekea kompyuta ya pembeni akajifanya ana vitabu vya kupanga. Nilimtembeza. Kinu, shule, kanisa peke yake kule chini. Nikamweleza tauni na vifungo na kijito. Anaitikia kwa koo. Tulipofika nyumba ya mwisho akavua miwani akaifuta, akaivaa.

Hakumtazama Darlène kwanza. Alitazama paa. Muda mrefu. Akasema mteremko wake ni mkali, maji hayatakaa. Akasema baba yake alikuwa anakata ukingo hivyohivyo, na kisu, akirudi nyuma kila mara kuangalia. Akanionyesha kwa kidole kwenye kioo. Domina hapendi watu waguse kioo lakini alimwacha.

Ndipo akashuka na macho mpaka kwenye kamba ya nguo.

"Amesimama kama korongo," akasema.

Kwenye treni ya kurudi akaanza kunieleza kilima chao. Sikumuuliza. Nani alikaa juu, nani chini, mto upi uliwagawa na watu wa ng'ambo, mtama ulipandwa wapi na kwa nini si kwingine. Njia nzima mpaka Hagsätra. Nimeyaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari hili, kabla hayajapoa. Jina la mzee mmoja limempotea, imemuuma sana.

Alhamisi, 6 Januari 2011

Sikukuu, kila kitu kimefungwa. Sixte ameomba namba ya yule mama mzee.

Kiingereza hana. Ana Kifaransa cha kitabu na Kiswidi cha basi. Asubuhi yote alikuwa anajifunza maneno machache, anazunguka nayo bafuni, jikoni. Akaniuliza kama "waje" na "wakaribie" ni neno moja kwao. Nikasema achague jepesi.

Akasimama kupiga. Amefunga shati mpaka juu. Audrey alipopokea akasema jina lake kamili, kama mtu aliye mbele ya hakimu, kisha: "Mimi ni baba yake Darlène. Mwambie waje. Wote watatu. Hapa ni kwao."

Audrey akazungumza sana, yeye hakuelewa hata nusu, anasema yes, yes. Alipokata nikamwuliza amesema nini. Akasema hajui, lakini mama yule alikuwa analia au ana mafua.

Jumamosi, 8 Januari

Nilikuwa nakanda unga. Simu ya mezani ikalia, mikono yangu imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Sixte alikuwa karibu. Akanitazama. Nikamwonyesha mikono.

Amepokea. Amesema "Hallå" kama kwa watu wa ofisi. Kisha akaketi.

Nimeosha mikono. Nimefika mlangoni nikarudi. Amekaa ukingoni mwa kochi amenipa mgongo, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili. Nitaingiaje? Nimekaa hapa jikoni na daftari, unga unakauka kwenye beseni. Muda wangu nitaupata. Nadhani nitaupata. Mungu wangu, nataka kuisikia sauti ya mwanangu!

Sasa anazungumza. Kirundi. Polepole, si kama na mtu mzima. Anatamka jina, lote. Anasubiri.

Kuna sauti nyembamba sana inatoka kwenye hiyo simu, naisikia mpaka hapa, lakini sishiki neno.

"Subira," anasema Sixte.

Kwa Kiswahili ungesema anamwambia avumilie. Kwa Kirundi chetu siyo. Ni rudia. Na ni rudi.

"Subira," anasema tena. Sauti ile nyembamba inajibu. Sixte anasema tena.